Risiti ya Pili: Mionzi ya CT scan na Hesabu ya Saratani



Watu huniita daktari kwa sababu ya koti jeupe, lakini mimi sitibu mtu. Ni mwanafizikia wa hospitalini, na wagonjwa wangu ni mashine. Nikiingia chumba cha CT scan, nalaza kitandani mtungi wa plastiki ngumu wenye ukubwa wa kichwa cha mtu, nachomeka kipimio katikati yake, naiwasha mashine, kisha nasoma ni mionzi kiasi gani imefika ndani. Mtungi hauogopi wala hauulizi maswali. Kwa hiyo sikuwa nimejiandaa siku nilipotoka chumbani nikamkuta mama mmoja ananingoja kwenye benchi.

Alikuwa na mfuko wa salfeti, na ndani yake bahasha nne kubwa za kaki. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa akiumwa kichwa na kupoteza fahamu. Katika mwaka mmoja na miezi miwili mtoto huyo alikuwa amepigwa CT scan ya kichwa mara nne, katika hospitali tatu. Ya kwanza ilistahili kabisa. Ya pili ilipigwa kwa sababu hospitali ya pili haikuziamini picha za ile ya kwanza. Ya tatu ilipigwa kwa sababu bahasha ilikuwa imesahaulika nyumbani, na hakuna aliyemwambia mama aifuate. Ya nne ilipigwa kwa sababu kuna mtu alitaka “picha mpya”. Kwenye kila bahasha mama alikuwa amebana risiti yake kwa pini.

Akaniambia: “Daktari, mimi hapa najua nimelipa shilingi ngapi. Mwanangu je, yeye amelipa ngapi?”

Nilizifungua bahasha zote nne. Picha zilikuwemo, majibu yalikuwemo, risiti zilikuwemo. Kiasi cha mionzi alichopata mtoto hakikuandikwa popote. Nilimpa maneno ya kumtuliza, lakini jibu sikuwa nalo. Mhadhara huu ni jaribio langu la kumjibu.

Mashine iliyoanzia Cape Town

Tuanze na mashine yenyewe. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na kabla ya Krismasi ya mwaka huohuo alikuwa ameshapiga picha ya mkono wa mkewe, ikaonyesha mifupa na pete. Lakini picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli hulaza kila kitu juu ya kingine. Ubavu, moyo na pafu vyote huangukia karatasi moja, na daktari hubaki kubashiri kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma.

Mwaka 1956 Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town ilikuwa imeondokewa na mwanafizikia wake, na sheria ilitaka awepo mmoja wa kusimamia vitu vyenye mionzi. Wakamwazima mhadhiri wa chuo kikuu, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, kwa siku moja na nusu kila wiki. Cormack alitazama jinsi wagonjwa wa saratani walivyopangiwa mionzi ya tiba, akaona kwamba wanapiga hesabu kana kwamba mwili mzima ni kitu cha aina moja, mfupa sawa na pafu. Akajiuliza: tukipitisha mionzi mwilini kutoka pande nyingi, tukapima inayotokea upande wa pili, je, hesabu haiwezi kutuambia ndani kuna nini na kiko wapi? Aliipata hesabu hiyo, akaichapisha mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyeijali. Barua iliyomfurahisha kuliko zote ilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji.

Huko Uingereza, injinia Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, bila habari za kazi ya Cormack, aliunda mashine ya kufanya jambo hilohilo. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo alipigwa CT scan ya kwanza ya mgonjwa, na uvimbe ukaonekana. Kabla ya siku ile, miongoni mwa njia za kuona ndani ya fuvu ilikuwa kulipasua, au kumpuliza mgonjwa hewa kwenye mfereji wa uti wa mgongo mpaka alie kwa maumivu. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Nimeanza na sifa kwa makusudi. Atakayetoka hapa na kumkataza mgonjwa wa kiharusi kupigwa CT scan atakuwa hakunisikia. Mgonjwa wa kiharusi hawezi kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda mpaka daktari aone kwamba ubongo hauvuji. Kijana aliyeanguka na bodaboda, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, anahesabiwa kwa dakika. Kwa watu hao, kuogopa mionzi ni kama kukataa kuvuka mto kwa mtumbwi huku nyumba nyuma yako inaungua.

Bei ya mkate uliokatwa

Picha hizo zina bei. Bomba la eksirei huuzunguka mwili, mara nyingi kwa chini ya sekunde moja kila mzunguko, huku kitanda kikisogea. Vipokezi upande wa pili hunasa kilichopita, na kompyuta huukata mwili slesi nyembamba kama za boflo. Mahali pa kivuli kimoja, mashine inakusanya vivuli mamia kwa mamia, na kila kivuli kinadai mionzi yake.

Madhara ya mionzi mwilini hupimwa kwa sivati, jina lililotokana na Rolf Sievert wa Sweden. Sivati moja ni kubwa mno, kwa hiyo hospitalini tunasema milisivati, yaani sehemu moja ya elfu. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga hospitali hupata kwa wastani milisivati 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula. Eksirei moja ya kifua ni kama 0.02. CT scan ya kichwa ni kama 2, ya kifua kama 7, na ya tumbo na nyonga kati ya 8 na 10. Kwa maneno mengine, CT scan moja ya tumbo ni sawa na eksirei mia nne hadi mia tano za kifua, au sawa na mionzi ya kuishi tu duniani kwa miaka mitatu hadi minne. Na tumbo likipigwa bila dawa ya kung'arisha, kisha likapigwa tena kwa dawa, bei hiyo inalipwa mara mbili ndani ya robo saa.

Mama aliniuliza pia kama mionzi imebaki kichwani mwa mtoto. Haikubaki. Ukizima taa, mwanga haujifichi uvunguni. Anayekwambia unywe maziwa ili kuitoa anakuuzia maziwa tu. Kinachoweza kubaki ni alama. Mionzi ikipita kwenye seli hung'oa elektroni, na elektroni hizo huweza kuukata uzi wa vinasaba, ama zenyewe, ama kwa kuyavunja maji ya seli na kuyageuza kemikali kali za muda mfupi. Seli ina mafundi wake, na mikato mingi hushonwa vizuri. Mingine hushonwa vibaya, na seli iliyoshonwa vibaya mara nyingi hufa. Mara chache sana huishi, huzaana, na baada ya miaka mingi ikiongezewa makosa mengine hugeuka saratani.

Tunajuaje?

Elimu hii ililipiwa na watu. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikuwa akiijaribu mirija ya eksirei kwa kuweka mikono yake mwenyewe mbele ya mirija hiyo. Mikono iliungua, ikapata saratani, ikakatwa, na mwaka 1904 akafariki. Edison aliiacha kazi ya eksirei kabisa.

Mwaka 1956 daktari Mwingereza Alice Stewart alifanya jambo ambalo wakubwa wa fani waliliona dogo: aliwauliza akina mama. Aliwauliza waliofiwa na watoto kwa saratani, na wale ambao watoto wao walikuwa wazima, maswali yaleyale kuhusu mimba zao. Akakuta kwamba watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walikufa kwa saratani karibu mara mbili ya wenzao. Wenzake walimbeza kwa miaka mingi. Leo kila mwanamke anayeweza kuwa na mimba anapaswa kuulizwa kama ni mjamzito kabla ya kupigwa picha ya nyonga, na swali hilo lina jasho la Alice Stewart.

Shule kubwa kuliko zote ni Hiroshima na Nagasaki. Baada ya mabomu ya Agosti 1945, wataalamu wa Japani na Marekani wamefuatilia maisha ya watu wapatao 120,000, wengi wao walionusurika. Saratani ya damu ilianza kuongezeka ndani ya miaka michache. Saratani za matiti, mapafu, tumbo na nyinginezo zilikuja taratibu, baada ya mwongo na zaidi, na hatari haikuwaacha maisha yao yote. Watu husahau kwamba wengi wa walionusurika hawakupata dozi kubwa. Walikuwa mbali, na dozi zao zinalingana na CT scan chache.

Hapa ndipo wanasayansi wanapogawanyika. Wengi, pamoja na mashirika yanayoweka viwango vya kinga duniani, hufuata kanuni ambayo mimi huiita ya haba na haba hujaza kibaba: kila kiasi cha mionzi, hata kidogo, huongeza hatari kwa kadiri yake, na hakuna kiwango kilicho salama kabisa. Wengine husema chini ya milisivati 100 mafundi wa seli wanatosha, na kibaba hakijai. Ubishi huu ni wa haki. Lakini mtu anayepanga vipimo vya watoto wa wenzake hana budi kufuata kanuni ya tahadhari mpaka atakapothibitishiwa vinginevyo.

Watu elfu moja ukumbini

Sasa tuhesabu. Mwaka 2006 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa makadirio ambayo bado yanatumika sana. Chukua Wamarekani 100. Kwa mwendo wa kawaida wa maisha, 42 kati yao watapata saratani ya aina fulani. Mpe kila mmoja wao milisivati 100, na saratani moja itaongezeka. Kwa milisivati 10, yaani CT scan moja ya tumbo, itaongezeka saratani moja kwa watu 1,000.

Jaza ukumbi watu elfu moja wa aina hiyo. Mia nne na ishirini watapata saratani hata kama CT scan isingegunduliwa. Wote wakipigwa CT scan ya tumbo, watakuwa mia nne ishirini na mmoja. Huyo mmoja hatutamjua kamwe. Saratani yake haina muhuri wa mashine, na itakuja miaka ishirini au thelathini baadaye, wakati aliyempiga picha ameshastaafu na mashine imeshauzwa chuma chakavu.

Hesabu hii inapaswa kumtuliza mtu mmoja na kuisumbua serikali. Kwako wewe binafsi, moja kwa elfu ni hatari ndogo. Kwa nchi inayopiga mamilioni ya vipimo, moja kwa elfu ni makaburi. Mwaka 2025 Rebecca Smith-Bindman wa San Francisco na wenzake walichapisha hesabu ya Marekani: mwaka 2023 pekee walikadiria kwamba watu wapatao milioni 61.5 walipigwa CT scan zipatazo milioni 93, na kwamba vipimo vya mwaka huo mmoja vinaweza kuzaa saratani kama 103,000 siku za usoni. Hayo ni makadirio yaliyotokana na kanuni ya haba na haba. Hakuna aliyekwenda kuwahesabu wagonjwa hao. Anayeikataa kanuni ana haki ya kuyakataa, lakini hana haki ya kusema hakuna swali.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Waliokwenda kuhesabu walianza na watoto, nao wana sababu. Seli za mtoto zinagawanyika kwa kasi, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa kurithiwa. Tena mtoto ana miaka sabini mbele yake ya kosa hilo kukomaa, ilhali mzee wa miaka themanini huenda asiingoje.

Mwaka 2012 Mark Pearce na wenzake nchini Uingereza walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 175,000 waliopigwa CT scan kabla ya kutimiza miaka 22. Kadiri dozi ilivyopanda, ndivyo saratani za damu na uvimbe wa ubongo zilivyopanda. Wakosoaji wakasema: pengine mnageuza sababu kuwa matokeo, kwani mtoto hupelekwa CT scan kwa kuwa tayari kuna jambo kichwani mwake. Hoja ilikuwa nzuri. Utafiti uliofuata, wa nchi tisa za Ulaya, ulikusanya watu karibu 950,000, na miaka ya mwanzo baada ya kipimo ikaondolewa kwenye hesabu ili kuziepuka saratani zilizokuwepo tangu awali. Majibu yake yalitoka mwaka 2023: katika kila watoto 10,000 wanaopigwa CT scan kwa viwango vya sasa, mmoja au wawili watapata saratani ya damu kwa sababu ya kipimo hicho ndani ya miaka kumi na miwili inayofuata.

Mmoja au wawili kati ya elfu kumi. Kama mtoto ana damu inayovuja kwenye ubongo, usiulize hata mara moja, mpeleke. Kama ameanguka kitandani, akalia, akanyamaza, akaomba chai, basi hata huyo mmoja ni wengi mno.

Na kuwatofautisha watoto hao wawili kunawezekana. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 42,000 walioumia kichwa. Waliona kwamba mtoto wa miaka miwili na kuendelea ambaye akili yake iko sawa, hakupoteza fahamu, hajatapika, haumwi kichwa vibaya, hana dalili za kuvunjika sakafu ya fuvu, na hakuumia kwa kishindo kikubwa kama cha kugongwa na gari, nafasi yake ya kuwa na jeraha la hatari ni ndogo mno. Huyo hahitaji CT scan. Anahitaji kuangaliwa kwa saa kadhaa na mtu mwenye macho. Tatizo letu ni kwamba mashine ina bei kwenye orodha ya malipo, na saa nne za macho ya muuguzi hazina.

Nisionekane nimeegemea upande mmoja. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani wa wavutaji sigara na waliowahi kuvuta, zaidi ya watu 53,000, ulionyesha kwamba CT scan ya dozi ndogo, kama milisivati 1.5, ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ikilinganishwa na eksirei. Mionzi ileile inayoweza kuipanda saratani moja imeng'oa nyingi. Kinachoamua ni nani amelazwa kitandani, na kwa swali gani.

Foleni mbili

Kwetu Tanzania CT scan zilikuwa za hospitali chache kubwa za mijini. Fedha za mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021 zilizipeleka katika hospitali za rufaa za mikoa, na ni heri kubwa. Lakini penye mashine mpya huzaliwa foleni mbili.

Foleni ya kwanza ni ya anayehitaji na hapati: majeruhi wa bodaboda aliye umbali wa saa sita kutoka kwenye mashine, au aliyefika na hana pesa. Foleni ya pili ni ya anayepata asichohitaji: mwenye bima aliyeumwa kichwa wiki moja, mtoto ambaye kidole tumbo chake kingeweza kuonekana kwa ultrasaundi isiyo na mionzi kabisa, mgonjwa wa mawe kwenye figo anayerudiwa tumbo zima kila yakimuuma, na yule mama wa bahasha nne. Foleni ya pili huirefusha ile ya kwanza. Kila picha isiyo na kazi imekalia kitanda cha mtu mwenye kazi nacho.

Daktari anayeandika kipimo bila swali simwiti mwovu. Mara nyingi ana wagonjwa sitini, anaogopa kukosea, na mgonjwa mwenyewe anadai “kipimo kikubwa”. Tumewafundisha watu wetu kwamba matibabu ya kweli yanapita kwenye mashine ya bei ghali, na sasa wanatudai tulichowafundisha.

Picha nzuri hudanganya

Zamani filamu ya eksirei ilimsema mpiga picha. Akizidisha mionzi, filamu iliungua ikawa nyeusi, naye alijua amekosea. CT scan haina aibu hiyo. Ukizidisha mionzi, picha inazidi kuwa safi, na kila mtu anakusifu.

Katika hospitali ya Cedars-Sinai mjini Los Angeles, wagonjwa zaidi ya 200 waliopimwa mzunguko wa damu kwenye ubongo walipewa takriban mara nane ya mionzi iliyokusudiwa, kwa muda wa miezi kumi na minane, mpaka mwaka 2009. Mipangilio ya mashine ilikuwa imebadilishwa, na picha zilikuwa nzuri. Kosa halikugunduliwa na kompyuta wala na mtaalamu. Lilijulikana baada ya mgonjwa kulalamika kwamba nywele zinamtoka. Namba ya dozi ilikuwa kwenye skrini siku zote, na hapakuwa na mtu wa kuisoma.

Namba hiyo ipo hata kwenye mashine zetu. Kila CT scan ya kisasa, ikimaliza kazi, huonyesha ukurasa wenye herufi DLP, yaani dozi ikizidishwa kwa urefu wa eneo lililopigwa, na tarakimu mbele yake. Ukiipata hiyo, hesabu ni ya darasa la sita. Kwa tumbo la mtu mzima zidisha kwa 0.015: DLP ya 600 inakupa milisivati 9. Kwa kichwa cha mtu mzima zidisha kwa 0.002: DLP ya 1,000 inakupa milisivati 2. Kwa kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja zidisha kwa 0.0067. Maana yake, mashine ikiachwa kwenye mipangilio ya watu wazima, DLP ileile inakuwa zaidi ya mara tatu kwa mtoto. Fundi anayesahau kubadilisha mpangilio haoni kosa lake popote ila kwenye namba hiyo.

Kuna kinaya ninachokiona kila siku kazini. Mimi na wenzangu wa chumba cha mionzi tunavaa kifuani kidude kidogo kinachonasa mionzi inayotufikia. Hupelekwa kusomwa, na kumbukumbu zake hutunzwa, kwa kuwa sheria inasimamia dozi ya mfanyakazi: wastani wa milisivati 20 kwa mwaka ndiyo mwisho. Wengi wetu, tuliokaa nyuma ya ukuta wa risasi, hatufiki hata moja. Mgonjwa anayelala katikati ya mashine hana kidude wala daftari. Hana pia ukomo wa kisheria, na hilo ni sawa, kwa sababu huwezi kumwambia mtu anayekufa kwamba amemaliza fungu lake. Lakini kukosa ukomo hakumaanishi kukosa kumbukumbu.

Ninachoomba

Kwa wasimamizi wa hospitali, na kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ambayo sheria imeipa kazi ya kudhibiti mionzi nchini, ombi langu ni moja: DLP iandikwe kwenye karatasi ya majibu ya kila CT scan, mstari mmoja, chini ya jina la mgonjwa. Hakuna mashine ya kununua. Namba ipo, inatupwa.

Kwa madaktari, wenzangu wa koti jeupe: kabla ya kuandika kipimo, andikeni swali ambalo kipimo kitalijibu. Mkiona hakuna jibu litakalobadilisha tiba, msiandike. Na bahasha ya hospitali nyingine ifunguliwe kwanza kabla ya kudharauliwa.

Kwa wataalamu mnaobonyeza kitufe: mtoto apigwe kwa mipangilio ya mtoto, na eneo linalohitajika tu, si kichwa mpaka nyonga kwa kuwa mgonjwa tayari amelala.

Kwa wazazi na wagonjwa: msikimbie CT scan. Ulizeni maneno matatu bila woga. Kipimo hiki kinatafuta nini? Je, ultrasaundi au MRI, kipimo cha sumaku, haiwezi kulijibu swali hilohilo? Na kile cha zamani hakitoshi? Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Na mwanamke anayehisi huenda ni mjamzito aseme hata kama hakuulizwa.

Narudi kwa mama wa kwenye benchi. Nilimtafuta baadaye. Nilimwambia kwamba kama kila kipimo kilipigwa inavyopaswa, mwanawe ana nafasi zaidi ya tisini na tisa kati ya mia moja ya kutopata saratani yoyote kwa sababu ya vipimo vile vinne, na kwamba kile cha kwanza kilikuwa na haki ya kupigwa. Nikamwambia pia ukweli uliobaki: vile vitatu havikuwa na haki hiyo, na jumla kamili ya alicholipa mtoto hataijua, wala mimi sitaijua, kwa sababu hakuna aliyeiandika.

Alinyamaza kidogo, kisha akatoa mfukoni daftari la shule la mwanawe, kurasa za nyuma zikiwa tupu, akaniuliza aandike nini kuanzia sasa. Nikamtajia mambo manne: tarehe, hospitali, sehemu ya mwili, DLP. Nanyi andikeni hayohayo kwenye madaftari yenu.